Uchawi wa riwaya huhitaji miko kabla ya miujiza

Mwezi uliopita, mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza alinijia ofisini na mswada wa riwaya yake ya kwanza. Ulikuwa na kurasa zaidi ya mia tatu, umechapwa vizuri na kutiwa jalada la plastiki. "Mwalimu, hii ni fantasia," akanitahadharisha hata kabla ya kuketi, kana kwamba anaungama dhambi. Kumbe alikwisha kuambiwa na mtu mwingine kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuandika kuhusu ufisadi, ndoa za mapema na dawa za kulevya ili kitabu chake kipate nafasi shuleni.

Niliuchukua mswada nikausoma kwa siku mbili. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na mandhari yake, mji wa bandari uliomezwa na bahari, yalinivutia mno. Hata hivyo, kufikia sura ya saba nilijikuta nikipiga miayo. Mhusika mkuu ni msichana aliyezaliwa na alama ya mwezi kiganjani. Akifungiwa gerezani, kiganja kinang'aa na ukuta unafunguka. Akitiliwa sumu, kiganja kinang'aa na sumu inageuka asali. Adui akija na jeshi, kiganja kinang'aa tena na jeshi zima linakuwa mchanga.

Kijana yule aliporudi, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, mama ya msichana alipokufa, ulisikitika?"

Nikamwambia ukweli kwamba sikusikitika. Nilikuwa nikingoja kiganja king'ae. Kisha nami nikamuuliza, "Na mbona hakikung'aa?" Akafikiri kidogo, akatabasamu kwa haya. "Hadithi ilitaka afe," akasema.

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Ubaya wa mswada ule hautokani na fantasia. Unatokana na uchawi usio na miko. Pale ambapo nguvu za mhusika hazina mpaka, sharti wala gharama, msomaji hana la kuhofia wala la kutumainia. Kila kinachotokea hutokea kwa sababu mtunzi ametaka, na msomaji akishauona mkono wa mtunzi, hadithi imeharibika.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Waandishi na wasomaji wa fantasia ya Kiingereza wana mazoea ya kuzungumzia "mfumo wa uchawi", yaani jumla ya kanuni zinazoeleza nani ana nguvu zisizo za kawaida, anazipata wapi, zinafanya nini na zinakomea wapi. Tafsiri hiyo inaeleweka, lakini ina mtego. Katika Kiswahili, uchawi ni kitendo cha kudhuru. Anayetibu au kukinga ni mganga, na kazi yake ni uganga. Anayetabiri hupiga ramli au bao. Anayewachezea watu macho hufanya kiinimacho au mazingaombwe. Mwandishi anayewaita watu hawa wote "wachawi" ameshawahukumu nusu ya wahusika wake kabla hawajatenda lolote.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ina msamiati mpana wa fani hii, na waandishi chipukizi hawaugusi. Hirizi huvaliwa mwilini. Fingo huzikwa ardhini kulinda mahali. Kago hukinga mtu au mali yake. Kuzindika ni kuuzungushia mji au nyumba kinga isiyoonekana. Tego ni mtego wa kumnasa mzinifu. Kombe ni maandishi yanayooshwa na maji yake kunywewa. Kafara ni kile kinachotolewa ili balaa iondoke. Kila neno hapa lina kanuni ndani yake. Fingo haliwezi kukufuata safarini kwa sababu limezikwa. Hirizi inaweza kuibwa, kukatika uzi au kusahaulika bafuni. Mwandishi akiyachukua maneno hayo mawili tu, tayari ana wahusika wawili tofauti: mmoja asiyethubutu kutoka kwao na mwingine asiyethubutu kuvua shati mbele ya watu.

Juu ya msamiati huo lipo neno kuu, yaani miko. Kila aliyekulia Afrika Mashariki amesikia masimulizi ya mtu aliyekwenda kwa mganga akapewa masharti: usigeuke nyuma, usimsalimie yeyote njiani, usile kitu fulani, usimwambie mkeo. Na katika kila simulizi tunajua kwamba sharti hilo litavunjwa. Msisimko wote umo humo. Dawa yenyewe huwa hatuielezwi sana. Hata leo, magazeti na runinga zetu hupendezwa na habari za nyuki wanaomwandama mwizi wa gari au wa mifugo. Sina nia ya kujadili kama ni kweli au ni porojo. Ninachotaka tuone ni jinsi wasimulizi wake walivyoipanga hadithi: nyuki wanamwandama mwizi, wanamng'ang'ania, kisha mali ikirudishwa wanaondoka. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa zaidi. Nguvu ina chanzo, ina shabaha na ina mwisho.

Fasihi yetu simulizi ilielewa kanuni hii kitambo. Chukua ngano ya Luanda Magere wa Waluo. Mwili wake ni jiwe, na mikuki ya adui haumfanyi kitu. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa orodha ya vita alivyoshinda na hakuna mtoto ambaye angeikumbuka. Lakini uhai wake umo katika kivuli chake. Maadui wanampa binti yao amwoe. Siku moja anaugua, anamwomba mke huyo achanje kivuli badala ya mwili ili dawa iingie, naye anaona damu ikitoka. Siri imefichuka. Tazama jinsi kanuni moja ilivyofanya kazi nyingi. Imeeleza kwa nini shujaa haumii na jinsi anavyoweza kuumia. Pia imeuhamisha uwanja wa vita kutoka mbugani hadi chumbani, kwa sababu asiyeweza kuuawa na jeshi anaweza tu kuuawa na mtu anayemwamini.

Kisa cha Fumo Liyongo wa pwani kimejengwa kwa namna iyo hiyo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913, Liyongo hauawi ila kwa sindano ya shaba itakayochomwa kitovuni. Mfalme wa Pate hana njia ya kuijua siri hiyo, basi anamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe kwa kumwahidi makuu. Kitovu ni alama ya kuzaliwa. Ni kovu la kamba iliyomuunganisha mtu na mamaye. Hapo ndipo mwana anapomchoma babake. Sidhani kuna darasa la uandishi linaloweza kufundisha vizuri zaidi jinsi udhaifu wa shujaa unavyopaswa kubeba maana ya hadithi nzima. Isitoshe, Liyongo anakufa akiwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanakaa siku kadhaa bila maji wakidhani angali hai. Nguvu zimekwisha lakini hofu imebaki. Nitairudia hofu hiyo baadaye.

Shaaban Robert naye alilijua jambo hili. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani kwa sababu ya uovu waliomtendea ndugu yao. Muujiza huo ungetosha kuwa adhabu na kisa kikafungwa. Mtunzi akaongeza sharti: Adili lazima awachape kila usiku. Sasa aliyedhulumiwa ndiye anayeumia zaidi, maana anawapenda anaowapiga. Kinachovuta machozi ya msomaji ni sharti la mjeledi. Manyani peke yao wasingeweza.

Nje ya lugha yetu, mjadala huu umeendelezwa kwa uwazi zaidi na Brandon Sanderson, mwandishi Mmarekani wa riwaya za fantasia. Mnamo 2007 alitoa rai iliyokuja kujulikana kama sheria yake ya kwanza, kwamba mtunzi anaweza kutatua mgogoro kwa uchawi kwa kiwango kile tu ambacho msomaji ameuelewa uchawi huo. Baadaye akaongeza kwamba mipaka ya nguvu huwa na mvuto kuliko nguvu zenyewe. Katika mfululizo wake wa Mistborn, ulioanza 2006, wahusika humeza vipande vya metali na kuvichoma tumboni ili kupata nguvu. Kila metali ina kazi yake. Metali ikiisha tumboni, nguvu zimekwisha. Kwa hivyo kila pambano linamfanya msomaji ahesabu kilichobaki, kama dereva wa matatu anayetazama mshale wa mafuta.

Hata walio mashuhuri huteleza. J.K. Rowling, katika kitabu cha tatu cha Harry Potter kilichotoka 1999, alimpa Hermione kifaa cha kurudisha wakati nyuma ili aweze kuhudhuria masomo mengi. Kifaa kile kikasaidia kuokoa maisha mwishoni mwa kitabu, na hapo wasomaji wakaanza kuuliza: kama wakati unarudi nyuma, mbona wengine waliokufa hawaokolewi? Katika kitabu cha tano, cha mwaka 2003, akiba ya vifaa hivyo inavunjwavunjwa wakati wa mapigano. Mwandishi alikuwa ameufungua mlango ambao hadithi yake haikuweza kuuhimili, akalazimika kuufunga kwa nyundo. Ni kosa lilelile la mwanafunzi wangu, ila yeye bado ana nafasi ya kulirekebisha kabla ya kuchapishwa.

Na asije mtu akasema kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, katika Akata Witch ya mwaka 2011 amebuni jamii ya wenye vipawa ambayo fedha zake hudondoka kutoka angani kila mtu anapojifunza jambo jipya. Kanuni hiyo moja imeupindua uchumi mzima. Tajiri ni yule aliyejifunza mengi, na mtu anayetaka mali bila maarifa hana njia ila ya uovu. Okorafor pia ameitumia nsibidi, maandishi ya kale ya kusini mashariki mwa Nigeria, kama chombo cha nguvu hizo. Hakuazima fimbo za Uingereza. Alichimba alipozaliwa mababu zake.

Hapa msomaji makini ataniuliza: na Kezilahabi je? Mbona Nagona (1990) na Mzingile (1991) zimejaa maajabu yasiyoelezwa kanuni, nazo ni kazi zinazoheshimika? Hoja hiyo ni nzito. Jibu langu ni kwamba Kezilahabi hatumii maajabu kuwaokoa wahusika wake. Maajabu yake ndiyo tatizo lenyewe. Msafiri wake anapotea humo, na msomaji anapotea pamoja naye, kwa sababu riwaya inahoji kama ukweli unajulikana. Hali kadhalika, katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, babu anayerudi kutoka kaburini haji kumtatulia mjukuu wake K shida zake. Anakuja kumlazimisha ayatazame aliyoyatenda. Muujiza unaoongeza mzigo wa mhusika unaweza kubaki fumbo. Muujiza unaompunguzia mzigo lazima uwe umelipiwa mapema, tena msomaji akishuhudia.

Ipo njia nyingine, ya kuiweka nguvu hiyo katika fikra za watu. Muhammed Said Abdulla alifanya hivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambamo watu wanauogopa mzimu huku Bwana Msa akitafuta mkono wa binadamu nyuma ya pazia. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda mbali zaidi katika Mũrogi wa Kagogo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006. Kamĩtĩ anawatorosha polisi kwa kuning'iniza alama za kuogofya mlangoni na kujiita mchawi. Mzaha ule unazaa umaarufu, na wakubwa wa nchi wanaanza kupiga foleni kwake wakitaka kukingwa. Hana nguvu ila zile anazopewa na hofu na tamaa yao. Huo nao ni mfumo, na una kanuni kali: anayekuja kutafuta uchawi hufichua anachokiogopa.

Hofu hiyo inanirejesha kisimani kwa Liyongo, na pia inanileta kwenye sababu inayonifanya nisilichukulie suala hili kama mchezo wa vijana. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na kuchomwa katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa madai ya kumroga mwanafunzi. Huko Kilifi, kwa miaka mingi wazee wameuawa au kuhama makwao kwa sababu mvi zao zimegeuzwa ushahidi. Jiulize: uchawi unaotajwa katika madai haya una kanuni gani? Hauna. Unaweza kufanya lolote, popote, kwa yeyote, bila kuonekana. Mtoto akiugua, ni uchawi. Akipona, mchawi ameogopa. Bibi akikana, ni ujanja. Akinyamaza, amekiri. Uvumi ni uchawi usio na mpaka, na kwa kuwa hauna mpaka hauwezi kukanushwa.

Ndiyo maana nasema kwamba mwandishi wa fantasia anayewaumba wachawi wenye uwezo wa kila kitu, wazee, wabaya kwa kuzaliwa, haandiki fantasia. Ananakili uvumi. Tofauti yake na mtu anayenong'ona sokoni ni kwamba yeye ametia nukta na koma. Kwa upande mwingine, mwandishi anayekaa chini akajiuliza nguvu hii inatoka wapi, inagharimu nini na haiwezi nini, anamzoesha msomaji kudai sababu. Msomaji aliyezoea kuuliza "lakini ilielezwa kwamba mvuvi hawezi kuroga akiwa nchi kavu, sasa imekuwaje?" atauliza maswali kama hayo siku watakapomjia na kiberiti.

Kwa anayetaka kuandika, basi, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, andika ukurasa mmoja wa miko. Eleza chanzo cha nguvu: je, ni ya kurithi, ya kujifunza, au ya kuazima? Inayorithiwa itazaa matabaka. Inayofundishwa itazaa shule na wivu. Inayoazimwa itazaa deni. Kisha andika gharama yake, na gharama hiyo iwe kitu ambacho mhusika hapendi kukipoteza. Uchovu wa dakika tano si gharama. Andika jambo moja ambalo nguvu hiyo haiwezi kabisa, nalo liwe ndilo jambo ambalo mhusika wako analitaka kuliko yote. Mwisho, tazama jamii nzima. Kama kuna watu wanaogeuza majeshi kuwa mchanga, mbona bado kuna anayeajiri askari? Kama sumu hugeuka asali, nani bado anafuga nyuki? Maswali haya yanaweza kuonekana ya kitoto, lakini ndiyo yanayoujenga ulimwengu unaoaminika.

Na usimweleze msomaji yote. Ukurasa huo wa miko ni wako. Msomaji aone sharti moja likitajwa, kisha alione likivunjwa. Mengine atayahisi.

Kwa walimu na wahariri wenzangu nina ombi moja. Tuache kuwaambia vijana kwamba fantasia si ya Kiswahili. Lugha yenye fingo, kago na tego haiwezi kuambiwa kwamba ni mgeni katika fani hii. Tuwafundishe kanuni zake kama tunavyowafundisha vina na mizani.

Wiki jana kijana yule alirudi na sura tatu mpya. Msichana bado ana alama ya mwezi, na kiganja bado kinang'aa. Lakini sasa, kila kinapong'aa, anasahau jina la mtu mmoja anayempenda, wala hachagui ni nani. Katika sura ya tatu mamake anaugua. Msichana anaketi kando ya kitanda, mkono ameuficha chini ya kanga, na anamwita mamake kwa jina mara kwa mara ili ahakikishe kwamba bado analo.

Nilisoma hapo, nikasimama kidogo. Nikamwambia aende akaandike sura ya nne.